Mpanda ngazi hushuka: Nyayo za Mazrui kutoka Mtopanga hadi Takaungu

WENGI wapitao Mtopanga huwa na haraka. Yuko anayekimbilia kazini kisiwani, yuko anayekwenda sokoni Mtwapa, na yuko mtalii anayepelekwa hotelini ufuoni. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi huwabeba wote, na makanga wa matatu hawampi mtu nafasi ya kutazama alipo. Mtaa wenyewe huonekana dirishani tu: vibanda vya mboga, mafundi wa vitanda, nyumba za kupangisha zilizosongamana, na hapa na pale mnazi uliosalia kama shahidi wa zamani sehemu hizi zilipokuwa mashamba.

Lakini msomaji mpendwa, ukishuka na kuketi kidogo kivulini, utasikia mazungumzo ambayo hayaishi katika mitaa ya bara ya Mombasa, iwe ni Kisauni, Likoni au Changamwe. Ni mazungumzo ya ardhi. Hapa Pwani kuna jambo ambalo mgeni kutoka bara huona ajabu kulisikia: mtu huwa na nyumba lakini hana ardhi. Kuta ni zake, mabati au makuti ni yake, mlango aliuchonga mwenyewe kwa seremala, lakini udongo ulio chini ya kitanda chake ni wa mwingine, na kila mwezi au kila mwaka humlipa huyo mwingine kodi ya kiwanja. Babu alilipa, baba akalipa, na mjukuu analipa.

Je, mambo yalifikaje hapo? Kuna majibu mengi, na mengine yamo mahakamani. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya watu waliotawala pwani hii kabla ya Mwingereza, na miongoni mwao hakuna jina linalotajwa sana Mombasa kuliko jina la Mazrui. Aila hii ilipanda, ikashika ngome na mji kwa takriban miaka mia moja, kisha ikaanguka, ikatawanyika kaskazini na kusini. Nyayo zake zimeizunguka Mtopanga pande zote. Familia inayoishi Mombasa inaweza kuzifuata kwa siku mbili za mapumziko, na watoto wakarudi shuleni na hadithi isiyo katika vitabu vyao vyote.

NGAZI YA VERONA

Kabla hatujaondoka, tuvuke bahari kidogo. Wanafunzi waliosoma tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet wanaujua mji wa Verona, Italia. Mji huo ulitawaliwa tangu karne ya 13 na ukoo wa della Scala, maana yake “wa Ngazi”, na ngazi ndiyo iliyokuwa alama katika ngao yao. Mkuu wao mashuhuri, Cangrande, aliyefariki mwaka 1329, aliteka miji mingi ya jirani na kumpa hifadhi mshairi Dante alipofukuzwa kwao Florence. Baada yake ukoo ukaanza kujila wenyewe. Mwaka 1381 Antonio alimwondoa nduguye Bartolomeo kwa kumuua, ili atawale peke yake. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1387, mtawala wa Milan akauchukua mji, na Antonio akakimbia.

Waswahili hawakuhitaji kwenda Verona kujifunza hayo. Husema mpanda ngazi hushuka, nao Wamvita waliliona neno hilo kwa macho yao.

NGOME ILIYOCHORWA NA MTALIANI

Safari ianzie kisiwani. Ukitoka Mtopanga, panda matatu ya mjini, uvuke Daraja la Nyali, kisha ushuke utembee hadi Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyechora ramani yake alikuwa Mtaliani, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Kwa hiyo mawe ya Mombasa na mambo ya Italia hayako mbali kama mtu anavyodhani.

Mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman yaliizingira ngome hii. Mazingiwa hayo yaliendelea kwa miezi 33. Waliokuwa ndani, Wareno pamoja na Waswahili walioshikamana nao, walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mwezi Desemba 1698 Waomani wakaingia. Wareno walirudi mwaka 1728, lakini mwaka uliofuata wakaazi wa Mombasa waliwatoa, na hawakurudi tena.

Mazrui walikuja katika mkumbo huo wa Waomani. Hawakuwa wafalme. Walikuwa watumishi wa Imamu wa nasaba ya Yarubi, waliopewa kazi ya uliwali, yaani kumwakilisha bwana wao, kulinda ngome na kukusanya ushuru. Katika miaka ya 1730 uliwali huo uliangukia mikononi mwa Muhammad bin Uthman Mazrui, na tangu hapo jina halikutoka ngomeni kwa karibu karne nzima.

Ilikuwaje mtumishi akawa mtawala? Sababu ilikuwa Oman kwenyewe. Nasaba ya Yarubi ilisambaratika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika miaka ya 1740 akatokea Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akajitangazia uimamu. Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa Ahmad, aliyekuwa liwali wa mji mmoja kule, amejitwalia nchi, basi liwali wa Mombasa naye ana kosa gani akijitwalia mji wake?

Jibu la Imamu mpya lilikuja kwa upanga. Mwaka 1746 watu wake walifika Mombasa kwa hila, wakamuua Muhammad, na kumfunga nduguye, Ali bin Uthman. Lakini Ali alitoroka, akakusanya wafuasi wake mjini, akairudia ngome na kuiteka. Ukiwa juu ya kuta zile, zilizopanda kutoka kwenye mwamba wa matumbawe, waonyeshe watoto urefu wake, kisha waache wafikiri wenyewe ilikuwa kazi gani kuzipanda gizani.

Ndani ya ngome, tafuteni chumba ambacho Mazrui walikitumia kwa baraza. Ndipo waliposikiliza mashtaka, wakapokea wageni na kukata shauri za vita. Boriti zake zina maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Ni chumba cha kawaida kwa ukubwa, hakina dhahabu wala vioo, na mgeni aliyezoea picha za majumba ya Ulaya huenda akaona si kitu. Lakini kutoka chumba hiki palitawaliwa pwani ndefu, na kisiwa cha Pemba kilichokuwa ghala la chakula la Mombasa.

MIJI KUMI NA MIWILI

Watu wengi hudhani Mazrui walitawala kwa mizinga ya ngome. Mizinga ilikuwepo, lakini kilichowaweka pale ni mapatano. Mombasa ilikuwa na wenyewe, nao ni Waswahili wa Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika makundi mawili. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa Taifa walikuwa na Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi na wenzao. Msomaji atambue kwamba baadhi ya majina haya ndiyo majina ya mahali tunapoishi leo: Changamwe, Jomvu, Mtwapa, Kilindini.

Kila kundi lilikuwa na wazee wake, na kila kundi lilikuwa na marafiki zake miongoni mwa Mijikenda walioko nyuma ya pwani. Marafiki hao walileta pembe za ndovu, nafaka na sandarusi mjini, na vita vikitokea walileta mishale. Liwali wa Mazrui aliyejua kazi yake hakupendelea upande mmoja akasahau wa pili. Aligawa heshima, akatoa zawadi, akaoa na kuoza. Baada ya vizazi viwili, Mazrui aliyekuwa Mwarabu wa Oman alizungumza Kiswahili nyumbani, mama yake au bibi yake akiwa mwenyeji wa hapa. Hata madhehebu yao ya Ibadhi waliyokuja nayo, wengi waliyaacha pole pole wakafuata Shafi kama majirani zao.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya nguvu yao, na ndiyo iliyokuja kuwaangusha. Mtawala anayesimama juu ya mapatano ni kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi: akiegemea upande mmoja, maji huingia.

Mtumbwi ulianza kuyumba tangu mapema. Ali bin Uthman, yule shujaa wa kuta, alipeleka jeshi Unguja katika miaka ya 1750, na huko huko akauawa na jamaa yake mwenyewe. Adui hakuwa Mbusaidi safari hiyo. Kisu kilitoka nyumbani.

MAJI YALIPOKUPWA SHELA

Kilele cha Mazrui kilikuwa wakati wa Ahmad bin Muhammad, aliyetawala kuanzia mwaka 1782 hadi 1814. Mombasa ilishirikiana na Pate, na kwa pamoja wakautamani mji wa Lamu. Takriban mwaka 1812 majahazi yao yalitia nanga Shela. Simulizi za Lamu hueleza kwamba majeshi hayo yaliposhindwa yalirudi mbio pwani na kukuta bahari imekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Waliuawa wengi, na kwa miaka mingi watu waliokota mifupa katika vichuguu vya mchanga vya Shela.

Mashindano haya ya miji yalisikika hata katika tungo. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama hizo, alitunga mashairi ya kuwapa moyo watu wa mji wake na kuwajibu watani wa Lamu. Mwanafunzi anayemsoma Muyaka leo bila kujua habari za Mazrui ni kama anayesikiliza nusu ya mazungumzo.

Hasara ya Shela haikuwa maiti peke yake. Watu wa Lamu, wakihofia Mombasa itarudi, walimwita mlinzi. Walimwita Seyyid Said bin Sultan wa Muscat, mjukuu wa yule Ahmad bin Said aliyetukanwa na Mazrui zamani. Seyyid Said alikuwa kijana, hodari, mwenye merikebu, na tena alikuwa rafiki wa Waingereza. Akatia mguu Lamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Pate ikamwendea, na Pemba nayo ikatoka mikononi mwa Mazrui. Mji uliotegemea mchele na nafaka ya Pemba ukajikuta umefungiwa ghala.

BENDERA YA KUAZIMA

Hapo ndipo Mazrui walipofanya jambo ambalo wengi hulisahau. Wakijua hawataweza merikebu za Seyyid Said, waliamua kumtafuta mwenye merikebu kubwa zaidi. Mwezi Februari 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliingia Mombasa na merikebu yake Leven, akakuta bendera ya Kiingereza inapepea juu ya ngome. Wenyeji walikuwa wameishona wenyewe.

Owen alikuwa mtu anayechukia biashara ya utumwa. Aliona nafasi, akaandikiana mkataba na Mazrui: Uingereza iwalinde, nao waache biashara hiyo. Akamwacha luteni wake, John James Reitz, awe msimamizi. Reitz alifariki kwa homa mwezi Mei mwaka huo huo, lakini jina lake lilibaki. Kila mkaazi wa Changamwe anayesema anakwenda Port Reitz, iwe ni hospitalini au nyumbani, anamtaja kijana huyo bila kujua.

Ulinzi wenyewe haukudumu. Serikali ya London haikutaka kumuudhi Seyyid Said kwa ajili ya mji mmoja, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Mazrui wakabaki peke yao, na adui sasa amekwisha kujua kwamba wana hofu.

MWAKA WA 1837

Licha ya hayo, Seyyid Said hakuipata Mombasa kwa vita. Alikuja mwaka 1828, wakaandikiana mapatano yaliyovunjika mara. Akarudi mwaka 1829, akarudi tena 1833, na mara zote alirudi bure. Liwali Salim bin Ahmad aliweza kuwaunganisha watu.

Salim alifariki mwaka 1835. Ndugu na binamu wakaanza kugombea kiti, na katika kugombea huko walisahau Thenashara Taifa. Masheikh wa Wakilindini, waliojiona wamedharauliwa, wakageuka na kumuunga mkono Seyyid Said. Mwaka 1837 Sultani aliingia mjini kwa makubaliano, si kwa mizinga. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikubali kuondoka ngomeni.

Muda si mrefu Rashid na jamaa zake zaidi ya 20 wakakamatwa kwa hila, wakapakiwa merikebuni na kupelekwa ng’ambo, hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Huko walifungwa, na hawakuonekana tena. Waliobaki Mombasa, wengi wao wanawake, watoto na vijana, walikimbia usiku. Kundi moja lilikwenda kusini, likakaa Gazi. Kundi la pili lilishika njia ya kaskazini, likakaa Takaungu.

NJIA YA KASKAZINI

Siku ya pili ya safari yetu, basi, tufuate hao wa kaskazini. Kutoka Mtopanga matatu ya Kilifi hupita Shanzu na gereza la Shimo la Tewa, kisha huvuka daraja la mkono wa bahari wa Mtwapa. Mwenye muda na ashuke Mtwapa aende Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14 yaliyo karibu na ufuo, chini ya mibuyu. Mji huo ulikuwa umehamwa zamani kabla ya Mazrui kufika pwani hii. Kupanda na kushuka hakukuanza nao.

Mbele zaidi yanakuja mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu kwa safu. Kisha, kabla ya kufika Kilifi, kuna njia ya mkono wa kulia inayoteremka kuelekea baharini. Mwisho wake ni Takaungu.

Takaungu ni mji mdogo, kimya, wenye misikiti, makaburi ya kale na mkono wa bahari wenye maji ya kijani. Watoto huogelea, wavuvi huanika nyavu. Ni vigumu kuamini kwamba katika karne ya 19 bandari hii ilijaa majahazi ya nafaka kwenda Arabuni. Wakimbizi wa mwaka 1837 walitulia hapa, wakapatana na Sultani, wakalima. Walipata mali kuliko walivyotarajia.

Hapa lazima tuseme ukweli ambao vitabu vya sifa huruka. Mashamba hayo hayakulimwa na Mazrui kwa mikono yao. Yalilimwa na watumwa, waliotolewa bara na sehemu za kusini, nyumbani kwao kukaachwa kilio. Wengi walitoroka na kwenda kujianzishia vijiji msituni, mashuhuri zaidi kikiwa Fuladoyo. Wengine walikimbilia misheni za Rabai na Frere Town, mji wa waliokombolewa ulioanzishwa mwaka 1875 huku huku Kisauni. Kengele yake ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni, kituo ambacho abiria wa Mtopanga hukipita kila siku. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Kwa hiyo mtu anapowahurumia Mazrui waliofia gerezani Bandar Abbas, na wawakumbuke pia wale ambao majina yao hayakuandikwa kwenye boriti yoyote.

SIMBA WA GAZI

Mwenye siku ya tatu na avuke kivuko cha Likoni aelekee Gazi, kilomita kama 50 kusini, karibu na msitu wa mikoko. Hapa aliishi Mbaruk bin Rashid, mtoto wa yule liwali wa mwisho. Maisha yake yote yalikuwa ni kukataa. Aliwapiga vita masultani wa Zanzibar mara kadhaa, akishindwa hukimbilia milimani, kisha hurudi.

Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alifariki, na Waingereza wakamtawaza waliyemtaka wao, Rashid bin Salim, wakampita ndugu mwingine aliyejiona ana haki zaidi. Huyo akaasi, na mzee wa Gazi akaingia upande wake. Kwa mara nyingine, ugomvi wa kurithi kiti ulizaa vita. Pwani nzima ikawaka kutoka Takaungu hadi Vanga. Mwezi Agosti 1895 Admeri Rawson aliiteka ngome ya Mbaruk ya Mwele, katika vilima vya nyuma ya pwani. Admeri huyo ndiye aliyeipiga mizinga Zanzibar mwaka 1896 na kuiteka Benin mwaka 1897. Waingereza walilazimika kuleta askari kutoka India, na mwezi Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki uhamishoni Dar es Salaam mwaka 1910.

Hapo ndipo mwisho wa Mazrui wenye bunduki.

KALAMU BAADA YA UPANGA

Lakini ukoo haukufa. Karne ya 20 ilipoingia, Mazrui walianza kujulikana kwa jambo jingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alianzisha gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, mwaka 1930, na miaka miwili baadaye akatoa Al-Islah. Aliwataka Waislamu wa Pwani wasome, wasomeshe mabinti, na waache kujivunia ukoo bila elimu. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi kufariki kwake mwaka 1947. Yeye mwenyewe aliandika historia ya utawala wa mababu zake kwa Kiarabu. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alishika wadhifa huo wa Kadhi Mkuu katika miaka ya 1960.

Mwana wa Sheikh Al-Amin ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, akafundisha Makerere na baadaye Marekani, na mwaka 1986 akautolea ulimwengu vipindi vya televisheni kuhusu Waafrika na urithi wao wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Alipofariki mwezi Oktoba 2014 huko Marekani, alikuwa ameusia arudishwe nyumbani. Alizikwa katika makaburi ya Mazrui, hatua chache kutoka lango la Ngome ya Yesu. Mababu zake walioitawala ngome hiyo wamelala papo hapo, isipokuwa wale wa Bandar Abbas.

UDONGO CHINI YA KITANDA

Sasa turudi kwenye swali la Mtopanga. Waingereza waliposhika Pwani mwaka 1895, waliishika kwa jina la Sultani wa Zanzibar, wakikubali kuheshimu milki za raia wake. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba alete dai lake liandikwe. Waliojua sheria, waliokuwa na karatasi, mashahidi na mawakili, waliandikiwa. Mzee wa Kimijikenda aliyelima kwa haki ya mababu, na mtumwa wa jana aliyepewa kipande na bwana wake kwa mdomo, wengi wao hawakuandikiwa kitu. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali.

Mazrui wa Takaungu walipata ardhi yao kwa jina la ukoo mzima, chini ya wadhamini. Mwaka 1989 Bunge la Kenya liliifuta sheria ya wadhamini hao ili ardhi igawiwe waliokuwa wakiishi juu yake, na wazao wa Mazrui wakaenda mahakamani. Mabishano hayo yameishi kuliko wengi walioyaanza. Upande mmoja kuna wenye hati, upande wa pili kuna wenye makaburi ya babu zao katika udongo ule ule, na pande zote mbili kuna watu wanaoishi kwa wasiwasi.

Katika mitaa ya Kisauni majina yaliyomo katika hati ni mengi na ya makabila mbalimbali. Baadhi ya wenyewe wako mbali, na viwanja vingine vimeuzwa mara kadhaa bila mpangaji kujua. Lakini chanzo ni kile kile: nani alikuwa na sauti siku ya kuandikwa? Ngome ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na ikawa makumbusho mwaka 1960, na mtu akitaka kuiona hulipa kiingilio akaingia. Kodi ya kiwanja haijawekwa makumbusho. Bado inadaiwa.

Basi mzazi unayewapeleka watoto kuitazama Ngome ya Yesu, usiishie kwenye mizinga. Waonyeshe makaburi yaliyo mkabala na lango, uwaambie aliyelala hapo aliiteka dunia kwa kitabu. Wapitishe Kengeleni, wapeleke Takaungu wakaoge baharini na kula samaki wa kupaka. Na mkirudi Mtopanga jioni, waulize wao watoto swali ambalo Mazrui hawakulijibu mapema, wakalijibiwa na wengine: anayeishi na watu asiowapa haki, atamwita nani siku atakapohitaji msaada? Watoto wa siku hizi wana akili. Huenda jibu lao likawafaa wazee wanaokaa vikao vya ardhi.